Acha Pipi, Mpe Kitambaa

"Nimpe nini ndipo akubali kusaidia kazi?" Wazazi wa Rohero, mtaa wa hapa Bujumbura, wananiuliza swali hili kila mara, na kusema kweli limenichosha. Anayeuliza huwa na mtoto wa miaka miwili na nusu, mitatu, wakati mwingine mitano. Tayari ameshajaribu pipi, biskuti, katuni kwenye simu, hata noti ya faranga 500 ya kutia kwenye kibubu. Anachotaka kwangu ni zawadi nyingine, yenye nguvu zaidi.

Usimpe kitu. Hilo ndilo jibu, na naomba nilieleze mara moja kwa urefu, kwa sababu imani hii ya kwamba mtoto mdogo hasaidii mpaka alipwe inaharibu kitu kizuri sana, tena inakiharibu mapema.

Mtoto wa umri huo hahitaji kununuliwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa wakifanya kazi Leipzig, Ujerumani, walichapisha jaribio lao katika jarida la Science. Mtu mzima asiyemfahamu mtoto alikuwa akianika nguo, kibanio kinamponyoka, anakinyooshea mkono bila kukifikia. Au alibeba rundo la majarida mikono yote miwili, akagonga mlango wa kabati uliofungwa. Watoto walikuwa 24, wa miezi 18 tu. Hakuna aliyewaomba, hakuna aliyewaahidi chochote, wala hawakupewa asante. Watoto 22 kati yao walisaidia angalau mara moja: waliokota kibanio, walikwenda kufungua kabati. Miezi 18! Wengi wao hata sentensi hawajajua kuunga.

Kabla ya hapo, mwaka 1982, mwanasaikolojia Harriet Rheingold wa Marekani alipanga chumba kama nyumba yenye kazi za kawaida: meza ya kuandaa, karatasi za kuokota, nguo za kukunja, sakafu ya kufagia. Akawaacha wazazi wafanye kazi, watoto wao wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu wakiwa humo. Watoto wakajiingiza wenyewe. Wazazi hao hao walisema kwamba nyumbani hungoja mtoto alale ndipo wafanye usafi, maana akiwa macho "anasumbua". Hebu lisomeni tena hilo. Msaidizi yupo na ana hamu, nasi tunamngoja asinzie.

Sasa tuje kwenye pipi. Mwaka 2008 Warneken na Tomasello walirudi na watoto wa miezi 20. Kundi moja, kila likisaidia, lilipewa kitu cha kuchezea. Kundi la pili lilisifiwa kwa maneno. La tatu halikupewa lolote. Baadaye zawadi zikasimamishwa, watoto wote wakapewa nafasi ya kusaidia tena. Waliozoeshwa zawadi wakasaidia kidogo kuliko makundi yote mawili mengine. Wasiopewa kitu waliendelea kama walivyoanza, na sifa za mdomo hazikuleta madhara. Jambo kama hilo lilikuwa limeshaonekana mwaka 1973 kwa watoto wa chekechea huko Stanford: waliopenda kuchora, walipoahidiwa cheti chenye nishani ya dhahabu na utepe, walipunguza kuchora siku cheti kilipokosekana.

Najua mtaniambia nini, maana naambiwa kila siku: "Lakini pipi inafanya kazi, jana alikusanya midoli yote." Ndiyo, jana. Mtoto anaifanya kazi yako, anaangalia mkono wako, na anajifunza kwamba kukusanya midoli ni jambo baya kiasi kwamba mtu mzima hulilipia. Kesho anauliza iko wapi. Wiki ijayo anataka mbili. Akifika miaka sita anakuuliza utamlipa ngapi kwa kupeleka sahani yake jikoni, nawe unakuja kwangu kusema mtoto ni mvivu kwa asili. Hapana, si kwa asili. Alifundishwa biashara, na mwalimu ulikuwa wewe. Chati za nyota ukutani ni pipi ileile iliyobandikwa ukutani, tusidanganyane.

Ile hamu ya awali huwa imekwenda wapi? Nimeiona ikizimwa sebuleni, na mtu anayeizima mara nyingi hana kosa. Nyumba nyingi za Rohero zina uzio, geti, mlinzi, boyi na yaya. Mtoto wa miaka miwili anaona raklete ikisukuma maji sakafuni, anaikimbilia, anaing'ang'ania mpini. Yaya anamwondoa: "Toka, utalowa, mama atanigombeza." Yaya anasema kweli. Bosi wake atarudi saa kumi na moja, ataangalia sakafu na nguo za mtoto, na hukumu itamwangukia yeye. Siku nzima mtoto anafukuzwa jikoni, anafukuzwa kwenye beseni, anawashiwa televisheni ili nyumba ing'ae. Akifukuzwa mamia ya mara anaelewa kwamba kazi si yake. Halafu jioni baba anashangaa.

Mpelekeni mtoto huyohuyo kwa bibi yake, kijijini upande wa Ngozi, wakati wa likizo. Siku ya pili anapanda kutoka kisimani na kibidoni cha lita moja, kimevuja nusu, kifua mbele, kwa sababu binamu zake wamebeba vya kwao na hakuna aliyemzuia. Bibi hamlipi, wala hampigii makofi. Anapokea maji na kuyamimina kwenye mtungi.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kuzungumza naye ni yaya. Mwambie waziwazi kwamba sakafu ikilowa hutamgombeza, na ulitimize hilo siku ya kwanza inapolowa. (Na kama yaya wako mwenyewe ni mtoto wa miaka 12 aliyeletwa kutoka kijijini, achana na makala hii, huyo ndiye mtoto anayehitaji kushughulikiwa kwanza, arudishwe kwao na shuleni.) Msaada ninaoueleza hapa ni dakika tano kando ya mtu mzima, si ajira.

Kwa akina baba wanaoniuliza kama mvulana ataharibika akifanya kazi za nyumbani: mwanaanthropolojia Carol Ember alichapisha mwaka 1973 utafiti wake kwa Wajaluo wa Kenya, na wavulana waliopewa kazi za ndani zilizohesabiwa za wasichana walionekana wapole zaidi kwa wenzao. Mpeni fagio.

Ya kutenda, haraka. Miezi 18: kutia nguo chafu kwenye kapu, kupeleka kijiko mezani, kufuta maji aliyoyamwaga kwa kipande cha fulana kuukuu. Miaka miwili: kupanga viatu, kutenganisha soksi, kuosha vikombe vya plastiki. Mitatu: kumenya njegere mbichi, kumwagilia maua kwa kopo, kuchambua maharagwe ukiwa umekaa naye, maana kwa walio chini ya umri huo maharagwe huishia puani au kooni. Fagio fupi la nyasi linamtosha, la mpini mrefu likate. Kazi moja, pamoja nawe, asubuhi akiwa ameshiba. Akiondoka katikati, mwache. Usirudie kazi yake mbele ya macho yake. Sema asante kama unavyomwambia mtu mzima, basi.

Javeli (dawa ya kung'arisha nguo) ifungiwe juu, na kamwe isitiwe kwenye chupa ya soda. Mbabula (jiko la makaa) na pasi vikae mbali. Beseni la maji lisiachwe wazi hata ukiitwa getini: mtoto mdogo huzama kwenye maji yasiyofika kiwiko.

Kama ulishaanza kulipa, acha leo, bila hotuba. Atagoma kwa siku kadhaa, pengine zaidi ikiwa ana miaka mitano au sita. Usimbembeleze, usimtishe, usiongeze dau. Kunja nguo palepale alipo, na rundo la zake mwekee karibu na mkono wake.