Msukumo wa Bure wa Ikweta

Njukini, jirani na Ziwa Chala, iko nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta. Huku dunia huzunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Baikonur, wanakorushia Warusi roketi, haifiki hata 1,200. Roketi inayoondokea huku hubebwa bure, na katika biashara hii kila kinachookoa mafuta ni pesa. Ila mashariki ya Njukini ni Tsavo, kisha Voi, na vipande vya roketi havichagui pa kuangukia.

Ndiyo maana Waitalia walisimamisha majukwaa yao baharini, Ngomeni, Malindi. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa hapo, mojawapo ikiwa Uhuru, ya Desemba 12, 1970. Roketi ilitoka Marekani. Kenya ilitoa bahari.

Kampuni ya Energia ya Urusi ilikuja kulishika wazo hilohilo ikiwa na njaa ya soko. Ilianza 1946 karibu na Moscow chini ya Sergei Korolev, ikampeleka Gagarin angani 1961, na kwa miaka yote hiyo mteja alikuwa mmoja: serikali. Dola la Kisovieti liliposambaratika, ilitafuta wabia. 1995 Boeing ikachukua asilimia 40 ya kampuni yao ya pamoja, Sea Launch, Energia 25, Wanorwe 20, Waukraine 15.

Walinunua jukwaa la kuchimbia mafuta, Odyssey. Roketi ya Zenit, iliyoundwa Ukraine, ililazwa ndani ya banda hadi katikati ya Pasifiki, penye Ikweta, ikasimamishwa wima. Kisha watu wote wakahamia meli ya pembeni, jukwaa likabaki tupu. Roketi ya kwanza iliruka 1999.

Januari 2007 moja ikalipuka palepale. 2009 Sea Launch ikafilisika, Energia ikaichukua karibu yote, na 2014 Urusi na Ukraine zikawa maadui. Nani angemuuzia mwenzake injini za roketi? Hata hivyo, Desemba 2017 Energia ikairushia Angola setilaiti iliyoitengeneza yenyewe, AngoSat-1, nayo ikanyamaza angani baada ya muda mfupi.

Kenya nayo ilipata setilaiti yake, Taifa-1, Aprili 2023, ikiwa imebanana na setilaiti nyingine kama abiria wa matatu ndani ya Falcon 9, kutoka California. Kazi iliyopewa ilikuwa kupiga picha za mashamba, ya Njukini yakiwemo. Setilaiti za aina hiyo hupita ncha hadi ncha ya dunia, na kwa safari hiyo msukumo wa Ikweta haumpunguzii mtu hata senti.