Amana ya Mwuguzi

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo ambalo wengi wetu huliona, lakini wachache huliuliza: Mwuguzi ni nani, na ni nani aliyempa ruhusa ya kuushika mwili wa mtu asiye ndugu yake?

Swali hili si dogo. Mtu akiugua hapa Pemba, akapelekwa hospitali ya Wete, au ya Chake Chake, au ya Mkoani, huvuliwa nguo mbele ya mgeni, huchomwa sindano na mgeni, tena huulizwa siri ambazo hata watu wa nyumbani mwake hawazijui. Mtu mwingine akithubutu kutenda hayo njiani, atashtakiwa. Mwuguzi hashtakiwi, kwa sababu amefungwa kwa kamba tatu, nazo ni sheria, uaminifu na ustadi. Na tuzitazame moja moja.

Kamba ya kwanza ni sheria. Zamani mtu ye yote mwenye huruma aliweza kujiita mwuguzi. Huruma ni njema, na wapokezi wa historia wamwadhimisha Bibi Rufaida, aliyewauguza majeruhi katika hema lake mjini Madina siku za Vita vya Handaki, mwaka 627. Lakini Bibi Florence Nightingale, alipokwisha kuwauguza askari wa vita vya Crimea, alitambua kwamba huruma pasipo mafunzo haitoshi. Akaanzisha skuli ya wauguzi mjini London mwaka 1860. Baadaye, mwaka 1901, nchi ya New Zealand ikatunga sheria ya kuwaandikisha wauguzi, na nchi nyingi zikafuata.

Katika Tanzania mambo ya afya si mambo ya Muungano. Kwa hiyo Tanzania Bara ina sheria yake ya uuguzi na ukunga ya mwaka 2010, na Zanzibar, pamoja na kisiwa chetu, ina Baraza lake la Wauguzi na Wakunga. Maana ni moja pande zote mbili: hapana ruhusa ya kufanya kazi hii ila kwa aliyefundishwa, akafaulu, na jina lake likaandikwa katika daftari. Akiivunja amana, jina lake laweza kufutwa. Mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kumpima elimu yake yule anayemtibu. Basi sheria humpimia.

Kamba ya pili ni uaminifu, nayo ina mambo ambayo askari hawezi kuyalinda daima. La kwanza ni siri. Tuseme msichana amekwenda kituo cha afya na maradhi anayoyaonea haya. Mwuguzi akayasema kisimani, na kabla ya magharibi kijiji kizima kimejua. Aliyeumia si msichana yule peke yake. Wanawake wote waliosikia watakaa na maradhi yao nyumbani. Wazee walisema, "Mficha maradhi, kilio humfichua." Kweli, lakini yatupasa kuuliza pia ni nani aliyemfundisha kuficha.

La pili ni idhini. Mwuguzi mwema hamshiki mtu kama ashikavyo gunia la karafuu. Husema, "Mama, dawa hii ni ya kumkinga mtoto, huenda akapata homa kidogo usiku. Je, waridhia?" Kisha hungoja jibu. Mtu mzima mwenye akili zake ana haki ya kukubali au kukataa, na mtoto husemewa na mzazi wake. Ila mgonjwa akiwa hajitambui, na roho yake i hatarini, huokolewa kwanza. La tatu ni usawa: tajiri na maskini, jamaa na mgeni, kila mmoja hutazamwa kwa kadiri ya ugonjwa wake. Mambo haya yameandikwa pia na Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililotoa kanuni zake za maadili kwa mara ya kwanza mwaka 1953.

Kamba ya tatu ni ustadi: kuuliza jina la mgonjwa kabla ya kumpa dawa, kupima kipimo, kuandika kila kilichotendeka, na kukiri kosa upesi likitokea. Huenda mtu akasema, "Kuandika kuna faida gani? Mgonjwa ataka dawa, hataki kalamu." Na tumjibu kwa kisa kilichotokea hapa hapa Pemba.

Watoto wetu wengi walikuwa na upungufu wa damu, na wataalamu wa ulimwengu walishauri watoto wadogo wa nchi kama yetu wapewe dawa yenye madini ya chuma. Nani angekataa? Chuma huongeza damu. Hata hivyo wataalamu walitaka kuhakikisha. Wakaandikisha watoto zaidi ya 24,000 wa Pemba, wenye umri wa mwezi 1 hata miezi 35; wengine wakapewa chuma, wengine wasipewe, na maradhi yote makubwa na vifo vikaandikwa. Watu waliowekwa kuzichunguza hesabu hizo wakaona jambo la kutisha: palipotokea watoto 100 waliokufa au kulazwa miongoni mwa wasiopewa chuma, miongoni mwa waliopewa walikuwa kama 112. Malaria ilikuwa nyingi siku zile. Mwezi wa Agosti, mwaka 2003, chuma kikasimamishwa, na mwaka 2006 habari hiyo ikatangazwa ulimwenguni. Ikaonekana pia kwamba watoto waliopimwa na kukutwa wamepungukiwa na chuma kweli walinufaika nacho. Tangu hapo wataalamu wameonya kwamba penye malaria chuma kisitolewe kwa watoto wadogo pasipo kinga na matibabu ya malaria.

Tazameni! Waliotoa dawa ile walikuwa na nia njema, na dawa yenyewe si sumu. Lau maradhi na vifo vile visingaliandikwa, madhara yangaliendelea kwa jina la huruma. Kalamu ndiyo iliyowaokoa watoto wengine.

Basi nasi tusio wauguzi tuna wajibu wetu. Tumwambie mwuguzi kweli, hata ya dawa za miti shamba tulizokunywa kabla ya kwenda kwake. Tuulize jina la dawa na kazi yake. Kuuliza si utovu wa adabu. Tusimlazimishe atuchome sindano kwa kuwa jirani amechomwa, wala tusimpe bahasha ili tutangulizwe, maana hapo sisi ndio tuikatao kamba. Akikosa, tumshtaki kwa mkubwa wake, si kwa matusi barazani.

Nanyi vijana mnaotaka kuvaa nguo nyeupe, jiulizeni mapema: Je, naweza kutunza siri? Naweza kuandika kweli hata ikinihukumu mimi? Mwenye kuweza hayo, aje. Wagonjwa wanamngoja.