Nani anamsindikiza nani? Clara Haskil na Arthur Grumiaux

Juma lililopita tulikuwa watu wanne ndani ya chumba, courant ilikuwa imeenda, na mimi nikaweka kwenye telefoni sonata moja ya Mozart. Mwenzetu mmoja, aliyemaliza masomo ya sheria, akasikiliza dakika mbili hivi, kisha akauliza: « Ule wa violoni niko namusikia. Lakini uyu mama wa piano, yeye iko anafanya nini? Iko anamusindikiza tu? »

Usiku ule sikujibu vizuri. Njo maana naandika hapa, polepole.

Mama wa piano aliitwa Clara Haskil. Wa violoni ni Arthur Grumiaux, Mbelgiji. Kwa watu wengi wanaopenda muziki wa aina hii, wale wawili pamoja ni kati ya wapigaji bora wa sonata waliowahi kuwekwa kwenye diski. Na kama tungesoma jinsi Mozart mwenyewe alivyotoa kazi zake, swali la ndugu yetu lingegeuka kichwa chini. Sonata zile 6 alizochapisha Vienna mwaka 1781 ziliandikwa juu yake kwamba ni za piano, na violoni inasindikiza. Ndiyo, violoni! Hata Beethoven, sonata zake 3 za kwanza, alitaja piano kwanza, violoni nyuma. Ni baadaye, karne ya 19 ikiendelea, wakati wapiga violoni walipokuwa mastaa wa kuzunguka Ulaya, ndipo jina lao likaandikwa kwa herufi kubwa, na la mpiga piano likashuka chini, dogo kabisa.

Hapa kwetu tunaijua hiyo hadithi. Kila mtu anajua Docteur Nico na gitaa lake la solo. Sasa uliza vijana wa promotion yako nani alikuwa anapiga gitaa la pili pembeni yake. Alikuwa Dechaud, mkubwa wake. Toa Dechaud, utaona solo inabaki hewani.

Turudi kwa Clara. Alizaliwa Bukarest, Rumania, tarehe 7 januari 1895, familia ya Kiyahudi. Baba yake akafa yeye akiwa mtoto mdogo. Mjomba mmoja akamchukua Vienna kusoma, kisha Paris, na akiwa na miaka 15 akapata tuzo ya kwanza ya piano ya Konservatwari. Kwa hesabu ya kawaida, maisha yalikuwa yamefunguka. Lakini mgongo wake ulikuwa unapinda. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alikaa karibu miaka 4 amefungwa ndani ya plasta, mwili mzima. Waza kidogo: miaka yako ya université yote, umelala, mikono iko lakini piano hakuna. Alipotoka akaanza upya, na woga wa kupanda jukwaani ukamfuata mpaka mwisho. Vita ya pili ikamkuta Ufaransa. Akakimbilia kusini, na mwaka 1942, huko Marseille, wakamfungua kichwa kumtoa uvimbe uliokuwa unabana mshipa wa jicho. Mwishoni mwa mwaka ule akaingia Uswisi, akabaki kule Vevey. Jina la kweli alilipata akiwa amepita miaka 50. Ndiyo, 50.

Grumiaux, yeye, njia yake ilikuwa fupi zaidi. Alizaliwa mwaka 1921 Villers-Perwin, upande wa Charleroi, na kwenye Konservatwari ya Charleroi alisoma violoni na piano, vyote viwili. Kisha Bruksel, kwa Alfred Dubois, mwalimu ambaye Grumiaux mwenyewe alikuja kumrithi. Shikeni hiyo ya vyombo viwili, sababu Clara naye alijua violoni tangu utoto.

Walikutana kwenye festivali ya Pablo Casals, Prades, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1950. Yeye mama wa miaka 55 mwenye mgongo uliopinda, yule kijana wa miaka 29. Kutoka pale wakapiga pamoja miaka 10. Wanasimulia kwamba siku zingine, wakiwa peke yao, walibadilishana: Clara anachukua violoni, Arthur anakaa kwenye piano. Si mchezo tu ule. Piano, ukigonga noti, inaanza kufa palepale, huwezi kuiongeza nguvu tena. Violoni inaweza kuvuta noti, kuikuza, kuipunguza. Piano sauti zake zimefungwa, violoni kidole ndicho kinatafuta mahali pa noti. Kwa hiyo wa violoni lazima amwachie wa piano nafasi kabla sauti yake haijafa, na wa piano lazima ajue upinde wa mwenzake unaishia wapi. Hayo huyajui kwa kuambiwa. Unayajua kama chombo cha mwenzako kimewahi kukuumiza vidole.

Mwaka 1956 na 1957 waliweka kwenye diski sonata zote 10 za Beethoven, pale Philips. Sikiliza ile ya tano, inayoitwa ya Masika. Violoni inaanza na wimbo, Clara yuko chini anatembeza noti ndogondogo. Halafu, hata nusu dakika haijaisha, wimbo unahamia kwa Clara, na Grumiaux ndiye anashuka. Anashuka kweli! Mastaa wengi pale hawawezi, wanaendelea kung'aa juu ya mwenzao.

Nitasema na langu. Kwenye TFC yangu kuna rafiki mmoja aliyenihesabia majedwali yote ya takwimu, usiku tatu mfululizo. Nilimweka kwenye ukurasa wa shukrani, mstari wa mwisho, bila jina: « na wote walionisindikiza ». Neno lilelile. Hajawahi kunisemea kitu, na mimi sijawahi kumuuliza.

Sasa Bruksel. Mwaka 1960 sisi tunaukumbuka kwa mengine: Table Ronde ya januari, African Jazz kwenye Hôtel Plaza, kisha 30 juni. Mwaka uleule, tarehe 6 desemba, Clara alifika Bruksel kwa treni kupiga na Grumiaux. Kwenye ngazi za stesheni ya Midi akateleza, akaanguka, kichwa kikagonga. Alipopata fahamu, wanasema jambo lililomsumbua ni konseti ya kesho yake, na mikono: ilikuwa mizima. Akafa usiku ule, kuamkia tarehe 7, akiwa na miaka 65. Konseti haikupigwa.

Grumiaux aliishi miaka 26 ingine, akapiga na wapiga piano wengine, akafa Bruksel mwaka 1986, naye akiwa na miaka 65.

Kwa ndugu yangu wa sheria: ile tuliyosikiliza ni K. 304, Mozart aliitoa mwaka 1778, mwaka ambao mama yake alimfia Paris. Ina sehemu mbili tu. Inaanza violoni na piano wakisema maneno yaleyale, pamoja, hakuna wa mbele. Tuiweke tena courant ikirudi, na safari hii fuata mkono wa kushoto wa Clara peke yake.