MWANGA KATIKA MASHINE YA FUNDI

Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini macho pasipo mwanga hayafai kitu, na fundi asiyeiona kazi yake vema hupoteza kitambaa, mbao, na pengine kidole.

Mafundi wengi wafanyao kazi nyumbani hutundika taa moja katikati ya dari. Taa hiyo yamulika chumba, lakini haimuliki kazi. Maana fundi akiinama, kichwa chake chatia kivuli pale pale sindano ya cherehani ishukapo, au keekee itoboapo. Dawa yake si taa kubwa, bali taa ndogo iliyo karibu. Ukiisogeza taa ndogo hata umbali wake uwe nusu ya ule wa kwanza, mwanga juu ya kazi huongezeka kadiri ya mara 4.

Tena, mashine zizungukazo zina hatari nyingine. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa hiyo taa nyingi za mirija, na baadhi ya taa za LED za bei rahisi, hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, wala jicho halitambui. Basi mashine ya kukereza yenye taya 3 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila taa ing'aapo taya moja imekwisha kushika mahali pa mwenziwe, na macho huona kana kwamba mashine imesimama. Fundi anyoshaye mkono kuigusa aweza kuumia vibaya sana.

Umeme wa betri haupigi mizunguko hiyo. Basi nunua taa ndogo ya LED iwakayo mfululizo, ya volti 12 na wati 3, kama zile za pikipiki. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ukitumia nusu tu ya nguvu zake, yaweza kuiwasha kadiri ya saa 14.

Zima mashine kwanza, kisha fanya hivi:

1. Kata kopo la bati liwe kofia ya taa, mwanga usikupige machoni. Kunja ncha zake zisikukate.

2. Ishike taa kwa waya mnene upindikao, au kwa sumaku ya spika ya redio mbovu. Hakikisha haianguki mashine itetemekapo.

3. Ukitumia mkono wa kulia, weka taa upande wa kushoto.

4. Pitisha nyaya mbali na mkanda na kila kitu kizungukacho, na karibu na betri tia fyuzi ya ampea 1.

Hata hivyo, usiyaamini macho peke yake: kata umeme, ungoje mashine isimame, ndipo uiguse. Kitambaa kikiharibika, kingine chanunuliwa. Kidole hakiuzwi sokoni.