RAMANI YA SHAMBA LAKO KATIKA SIMU
Maelezo kwa wakulima wa Himo na wa miteremko iliyo juu yake

Mkulima wa Himo mara nyingi ana mashamba mawili. Kihamba chake kiko juu, Kilema, Marangu, Mwika au Kirua, penye migomba na mibuni. Shamba lake la mahindi na maharage liko chini, upande wa tambarare. Kati ya hayo mawili maji hushuka, na udongo mzuri hushuka pamoja nayo. Mvua ya masika ikinyesha mlimani usiku, mwenye shamba la chini huamka asubuhi akakuta korongo limekula mistari miwili ya mahindi, wala hajui maji yale yamepitia wapi.

Njia ya maji hayo yaweza kutazamwa katika ramani. Siku hizi ramani hiyo iko katika simu, haina malipo, na wewe mwenyewe waruhusiwa kuisahihisha. Karatasi hii yaeleza jinsi ya kuitazama, jinsi ya kuongeza yale unayoyajua, na mahali ambapo mkulima wa kahawa hana budi kuwa mwangalifu sana.

RAMANI HII NI YA NANI

Ramani tunayoisema huitwa OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Tofauti yake na ramani nyingine ni hii: kila aliyejiandikisha aweza kuchora ndani yake, na kila mtu aweza kuitumia bila kuinunua. Ukichora njia ya kijiji chako leo, dereva wa lori aliyeko Holili aweza kuiona, na mganga wa zahanati vilevile.

Hapa kwetu Tanzania kazi ya namna hii ilifanywa kwa wingi Dar es Salaam tangu mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata walitembea mitaani wakachora nyumba, njia na mitaro, kwa sababu ya mafuriko. Wanafunzi walijua kutumia vyombo, lakini wakazi ndio waliojua mtaro upi huziba na maji hufika wapi.

Hali ni hiyo hiyo mlimani. Picha zinazopigwa kutoka angani huonyesha vizuri paa za mabati na barabara kuu ya Himo. Mfongo unaopita chini ya majani ya migomba hauonekani kabisa. Mchoraji aliyeko nchi ya mbali hawezi kuuchora, hata akiwa hodari namna gani. Wewe uliyeamka alfajiri kwenda zamu ya maji unaujua tangu kwenye kichwa chake mpaka unapoishia.

JINSI YA KUITAZAMA

Tia katika simu yako programu inayotumia ramani hii. Zipo kadhaa, Organic Maps na OsmAnd ni nzuri, kwa maana huweka ramani ndani ya simu. Pakua ramani ya sehemu yako ukiwa mahali penye mtandao mzuri, Himo au Moshi mjini. Baadaye utaitazama shambani hata kama huna bando. Ikiwa simu yako ni ya kitochi tu, mwombe kijana mwenye simu kubwa, au tazama katika kompyuta ya steshenari.

Tafuta kwanza mahali unapopajua: Njia Panda ya Himo, kanisa, shule, daraja. Toka hapo ufuate barabara mpaka shambani kwako. Usishangae ukikuta njia yako haimo, au ukiona nyumba iliyobomoka zamani bado imo. Picha ambazo wachoraji hufuata mara nyingine ni za miaka iliyopita.

Kisha washa mistari ya kontua. Kila mstari hupita mahali penye kimo kimoja. Mistari ikibanana, mteremko ni mkali. Ikiachana, nchi imelala. Mahali mistari inapojikunja na kuelekeza ncha yake juu mlimani, hapo ni bonde, na maji yatapita hapo penda usipende. Sasa weka kidole kwenye korongo linalokula shamba lako, ulifuate kwenda juu. Hesabu ni njia ngapi zinakutana nalo na kalavati ngapi zinamwaga maji ndani yake. Mara nyingi utaona kwamba korongo halikuanza shambani kwa mtu yeyote. Lilianza barabarani, maji ya mitaro miwili au mitatu yalipoelekezwa sehemu moja. Ugomvi mwingi wa majirani ungepungua kama watu wangetazama jambo hili kabla ya kulaumiana. Nenda na ramani hiyo kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa Bwana Shamba, uwaonyeshe.

Lakini jihadhari. Usipime makingamaji kwa kontua za simu. Vimo vingi katika ramani hizi vilitokana na upimaji uliofanywa mwezi Februari mwaka 2000 kwa chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour, na vipimo hivyo hutoa kimo kimoja kwa kila mraba wa mita 30 kwa 30 hivi. Eka moja haina hata miraba mitano ya namna hiyo. Tena chombo kile kilipopita juu ya miti minene, mara nyingi kilipima majani badala ya ardhi. Kwa kujua maji yanatoka upande gani, hiyo yatosha. Kwa kuchimba kingamaji haitoshi hata kidogo; mtaro ukiinama kidogo tu upande mmoja, maji yatakusanyika huko, yavunje tuta, na korongo jipya litazaliwa kwa jembe lako mwenyewe.

Kwa kazi hiyo tumia kipimo cha miti mitatu kama zamani. Miti miwili ya urefu sawa, mita 2 hivi, ifungwe pamoja juu, mguu hapa na mguu kule. Mti wa tatu ukingame katikati. Kamba yenye jiwe ining'inie kutoka kileleni. Simamisha, tia alama kamba inapogusa mti wa kati, kisha badilisha miguu, kila mmoja ukae mahali pa mwenzake, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kamba itakapokaa miguu yote ikiwa sawa. Tembea nacho ukipiga mambo.

JINSI YA KUONGEZA

Jiandikishe kwa jina utakalochagua na neno la siri. Huna haja ya kutumia jina lako la ukoo. Kisha yako mambo mawili unayoweza kufanya.

La rahisi ni kuacha maoni. Bonyeza mahali penyewe katika ramani, uandike kwa Kiswahili: "Hapa daraja la miti limechukuliwa na maji," au "Mfongo unapita hapa, una maji masika hata kiangazi." Mchoraji mwingine ataona na kurekebisha. Maoni yakiwa ya wazi husaidia. Ukiandika "njia mbaya" tu, hakuna atakayekuelewa.

La pili ni kuchora mwenyewe. Kwa mfongo, yafaa kutembea. Programu nyingi zina kitufe cha kuandika njia unayopita. Kiwashe kwenye kichwa cha mfongo, tembea ukingoni polepole mpaka mwisho, ukizime. Usikate kona, maana simu itaandika ulipopita wewe, si yanapopita maji. Kila penye mgawanyo, bwawa la kulaza maji au kivuko, simama kidogo utie alama. Ukifika penye kompyuta, njia hiyo itaonekana juu ya ramani, nawe utachora mstari juu yake na kusema kwamba ni mfereji wa kumwagilia. Asubuhi moja yatosha kwa mfongo mmoja, ikiwa wazee wanaoujua wamekubali kutembea nawe. Waombe kwanza. Mfongo ni wa watu wengi, na si vema mtu mmoja auchore kimya kimya.

Usinakili kutoka katika ramani za makampuni, kama ile ya Google. Hizo zina wenyewe. Usifute kazi ya mtu kwa sababu tu huielewi. Kila badiliko huwekwa pamoja na jina la aliyelifanya, na mambo yaliyoharibiwa huweza kurudishwa. Wala usiandike jina la mtu juu ya shamba lake, au kwamba mwenye nyumba fulani ana ng'ombe wangapi. Ramani hii husomwa na dunia nzima, wezi wakiwamo.

Na jambo hili lieleweke vizuri: mstari katika ramani hii si mpaka wa ardhi. Hautampa mtu haki juu ya jirani yake. Haki ya ardhi ya kijiji hufuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na ushahidi wake ni hati ya hakimiliki ya kimila. Kadhalika mfereji uliochorwa hauna kibali cha maji kwa kuchorwa tu. Vibali hutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake iko Moshi. Mtu akija baraza la kata na ramani ya simu akidai masale yamesogezwa, mwelekezeni kwenye masale yenyewe.

NAMBARI ZA KIHAMBA CHA KAHAWA

Sasa tuseme juu ya kahawa, maana hapa kosa dogo laweza kukugharimu mauzo.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria, Na. 2023/1115, inayokataza kuingiza huko kahawa iliyolimwa mahali palipokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mnunuzi hana budi kueleza kila shamba liko wapi. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani karibu eka 10, laweza kutajwa kwa nukta moja. Kubwa zaidi ya hapo huchorwa mpaka wake wote. Tarehe ya kuanza kutumika kwa sheria hiyo imeahirishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo muulize katibu wa chama chako cha msingi. Lakini usingoje. Kupima vihamba vya chama kizima huchukua muda mrefu.

Nukta ina nambari mbili: latitudo na longitudo. Katika sehemu zetu za Kilema na Marangu latitudo huanza na -3.2 au -3.3, na longitudo huanza na 37.5 hivi. Alama ile ya kutoa maana yake ni kusini mwa Ikweta. Karani akiisahau, kihamba chako kitahamia kaskazini mwa Kenya, katika nchi kame iliyo mashariki ya Ziwa Turkana, ambako hakuna mbuni hata mmoja. Akigeuza nambari, ya kwanza ikawa ya pili, kihamba chako kitakuwa Hispania, karibu na mji wa Granada. Haya si mzaha. Orodha ndefu huandikwa usiku na mtu aliyechoka.

Tarakimu zilizo baada ya nukta nazo zina kazi. Daraja moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Ukiandika tarakimu moja tu ya desimali, umetaja mahali kwa hatua za kilomita 11. Mbili, kilomita 1 na kidogo. Tatu, mita 111. Nne, mita 11. Tano, mita 1. Sheria yataka sita, na ya sita ni kama upana wa kiganja. Simu yako haiwezi kupima kwa usahihi huo, lakini andika zote kama zilivyo. Kosa la tarakimu ya pili humsogeza mtu wa Kilema ya juu kilomita nzima, na akisogezwa upande wa kaskazini aweza kujikuta ndani ya msitu wa hifadhi. Kwa wanaosoma orodha huko Ulaya, kahawa hiyo itaonekana imelimwa msituni.

Kihamba chetu kina tabu nyingine. Mruka na mringaringa hufunika mibuni, na picha ya kutoka angani huweza kudhani pale ni msitu. Miti hiyo hiyo huzuia simu isisikie setilaiti vizuri. Mahali peupe simu hukosea mita 5 hivi. Chini ya miti hukosea zaidi. Kwa hiyo usipime mara tu unapoingia. Simama mahali penye uwazi ndani ya kihamba, si mlangoni pa nyumba wala barabarani. Ngoja dakika mbili au tatu mpaka alama ya mahali ulipo itulie. Shika kidole juu ya alama hiyo, nambari zitatokea. Ziandike kwa kalamu, kisha mtu mwingine azisome kwa sauti wewe ukifuatisha.

Nambari hizi mpe katibu wa chama chako. Usizitie katika ramani ya wote. Mfongo na daraja ni vya kijiji, lakini kihamba ni chako.

Kabla hujaondoka, zijaribu. Ziandike tena katika sehemu ya kutafutia ya ramani, utazame alama inaangukia wapi. Isipoangukia kati ya migomba yako, rudi ukapime upya, kabla orodha ya chama haijapelekwa Moshi.