Lita ya Lubumbashi, kilo ya Ulaya

Lubumbashi – Mfugaji wa hapa anauza maziwa kwa lita, huku maduka yamejaa maziwa ya unga kutoka ng'ambo. Nani anauza bei ghali? Si rahisi kujua. Ulaya hutangaza bei kwa kilo 100, Marekani kwa ratili 100, yaani kilo 45 hivi. New Zealand hulipa kilo za mafuta na protini tu. Maji hayana bei.

Lita moja ina kilo 1,03, lakini kigumu zaidi ni mafuta. Shirika la utafiti IFCN hurekebisha kila bei iwe ya maziwa yenye mafuta asilimia 4 na protini 3,3, kisha huigeuza dola. Hapo franka ikishuka, mfugaji huonekana anauza rahisi, ingawa mteja analipa noti zile zile.