Mzigo wa Malaba: Ipi Kodi, Ipi Ada ya Ajenti?

Wanavikundi wa hapa Likuyani wanaoleta bidhaa kutoka Uganda hutulalamikia jambo moja: mzigo ukifika Malaba, ajenti hudai pesa na kuziita zote "kodi". Sivyo. Kodi ni ya serikali na ina risiti ya KRA. Ada ni malipo ya ajenti kwa kujaza karatasi, nayo hupatanwa, tena kabla mzigo haujatoka Kampala.

Mara nyingi ajenti hata hahitajiki. Kama bidhaa zimelimwa au kutengenezwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ziko kwenye orodha ya forodha, na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, kuna cheti rahisi cha asili. Hutolewa na forodha ya Uganda pale mpakani, na mwenye mzigo halipi ushuru wa forodha. Beba risiti ya kununulia. Mahindi na maharagwe bado yatakaguliwa.

Lakini jamani, kitenge cha China hakiwi cha Uganda kwa sababu kimenunuliwa Kampala! Hicho kina ushuru wake. Hata hapo, mwambieni ajenti aandike kodi mbali na ada yake mbali.